MAISHA YA DAKTARI HANS BERGER, MGUNDUZI WA UMEME WA UBONGO

Majeshi ya dunia yana watu wake mashuhuri, nao aghalabu hukumbukwa kwa vita walivyoshinda au walivyoshindwa. Yuko mmoja, hata hivyo, ambaye katika ujana wake alikaa jeshini mwaka mmoja tu kwa kujifunza, wala hakuongoza kikosi chochote vitani. Lakini jambo lililompata siku moja katika mazoezi ya kijeshi lilimwelekeza kwenye ugunduzi ambao hadi leo unawafaa wagonjwa wa kifafa duniani kote. Huyo ni Daktari Hans Berger wa Ujerumani, mtu wa kwanza kuuandika juu ya karatasi umeme wa ubongo wa binadamu.

Maisha yake yastahili kusomwa na askari na polisi kwa sababu mbili. Kwanza, kifafa ni ugonjwa wanaokutana nao kazini. Askari wa doria humkuta mtu ameanguka kando ya njia, povu limemtoka kinywani, asijue kama ni mlevi, mgonjwa au mtu aliyepigwa. Pili, maisha ya Berger yana upande wa nuru na upande wa giza, na upande huo wa giza unawahusu moja kwa moja watu wote ambao kazi yao ni kutekeleza sheria na amri.

UTOTO NA UJANA

Hans Berger alizaliwa tarehe 21 Mei, 1873, huko Neuses, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa binti wa Friedrich Rückert, mshairi na mwanachuoni mkubwa wa lugha za Mashariki, ambaye alikijua Kiarabu na Kiajemi, na ambaye alifasiri sehemu kubwa za Kurani kwa Kijerumani katika mtindo wa ushairi. Hivyo mtoto huyo alikulia katika nyumba yenye mikondo miwili: elimu ya mwili kwa upande wa baba, na elimu ya roho na lugha kwa upande wa mama. Mikondo hiyo haikuachana naye mpaka alipokufa.

Alipomaliza shule mwaka 1892 aliingia chuo kikuu kusoma hesabu, akikusudia kuwa mtaalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota. Hakudumu. Baada ya muda mfupi aliacha masomo, akaingia jeshini kwa mafunzo ya mwaka mmoja.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1893, kikosi chake kilipokuwa katika mazoezi, farasi wa Berger alishtuka na kusimama kwa miguu ya nyuma. Kijana akaanguka chini, mbele ya mzinga uliokuwa ukikokotwa na farasi wengine. Gurudumu la mzinga lilikuwa likimjia, na mwendeshaji akauzuia katika dakika ya mwisho kabisa. Berger aliinuka bila jeraha, lakini moyo ulikuwa umetetemeka.

Jioni ya siku hiyo ilimfikia simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, akiuliza hali yake. Jambo hilo lilimshangaza sana, kwani baba yake hakuwa na desturi ya kumpelekea simu. Ilikuja kujulikana kwamba dada yake, aliyekuwa mbali sana na hapo, alishikwa ghafla na hofu kuwa kaka yake yumo hatarini, akamsihi baba yao apeleke simu upesi. Berger aliamini kwamba katika saa ile ya hatari hofu yake ilikuwa imetoka kichwani mwake na kumfikia dada yake. Tangu siku hiyo swali moja likamkaa moyoni: fikra ni nguvu ya namna gani, na je, nguvu hiyo yaweza kupimwa?

Sayansi haijathibitisha kwamba fikra husafiri hivyo kutoka mtu hadi mtu. Lakini historia ya elimu ina mifano mingi ya watu walioanza na swali lisilo na jibu, na katika kulitafuta wakagundua jambo jingine lililo kubwa zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Berger. Aliacha nyota, akaingia katika masomo ya utabibu.

MIAKA YA KAZI YA KIMYA

Mwaka 1897 alipata shahada ya udaktari katika mji wa Jena, akaajiriwa katika hospitali ya maradhi ya akili ya chuo kikuu cha mji huo chini ya Profesa Otto Binswanger. Humo alifanya kazi maisha yake yote, na mwaka 1919 akawa mkuu wake.

Waliofanya kazi naye walimjua kama mtu wa ratiba kali. Alifika kwa saa ileile, alizunguka wodini kwa saa ileile, na mazungumzo yake yalikuwa mafupi. Mwaka 1911 alimwoa Ursula von Bülow, aliyekuwa msaidizi wake katika kazi, nao wakajaliwa watoto. Wenzake walimwona kuwa daktari mwaminifu asiye na jipya. Wachache sana walijua kwamba kila alipomaliza kazi za siku, alijifungia katika chumba kidogo na kuendelea kulitafuta jibu la swali lake.

Alianza kwa kupima mwendo wa damu katika ubongo. Kisha akapima joto la ubongo. Kote huko hakupata alichokitaka. Alifahamu kwamba mwaka 1875 tabibu Mwingereza Richard Caton wa Liverpool alikuwa ameonyesha kuwa ubongo wa sungura na wa nyani hutoa umeme hafifu. Mwaka 1902 Berger alijaribu kuupata umeme huo kwa mbwa, lakini vipimo vya siku zile havikumwezesha.

Katika miaka hiyohiyo nchi yake ilikuwa imetia mkono katika pwani yetu. Mwaka 1894, Berger alipokuwa bado mwanafunzi, Wajerumani waliitwaa Kionga, kipembe cha ardhi kilicho kusini mwa mdomo wa mto Ruvuma, ambacho Wareno nao walikidai kuwa chao. Watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Kionga na Palma hadi vijiji kama Mute, wakajikuta wamekaa mpakani mwa mabeberu wawili bila kuulizwa. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, Berger aliitwa jeshini kama daktari wa maradhi ya akili, akapelekwa katika uwanja wa vita wa magharibi. Naye alipokuwa huko, mnamo Aprili 1916, Wareno walikitwaa Kionga. Mwaka uliofuata jeshi la Wajerumani la Afrika ya Mashariki liliuvuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, na wapagazi wa Kiafrika katika vita hivyo walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi.

Vita hivyo viliwarudisha nyumbani watu wengi wenye majeraha ya kichwa, na tabibu yeyote wa akili wa zama zile alijionea matokeo yake. Mtu aliyepigwa risasi kichwani huweza kupona jeraha, ngozi ikafunga, akarudi shambani au kazini. Kisha, baada ya miezi au hata miaka kadhaa, akaanza kuanguka kifafa. Kovu lililomo katika ubongo ndilo linaloanzisha mtikisiko. Jambo hili halikuisha na vita vya zamani. Katika Cabo Delgado, ambako mapigano yalianza Oktoba 2017 mjini Mocímboa da Praia na kuufikia mji wa Palma mwezi Machi 2021, hapana budi watu waliojeruhiwa kichwani, wawe askari au raia, wachunguzwe kwa miaka mingi baada ya jeraha kupona.

UGUNDUZI WA MWAKA 1924

Tarehe 6 Julai, 1924, Berger alipata alichokitafuta kwa zaidi ya miaka 20. Mgonjwa wake alikuwa kijana wa miaka 17 ambaye sehemu ya mfupa wa fuvu lake ilikuwa imeondolewa katika upasuaji, ikabaki ngozi tupu juu ya ubongo. Berger aliunganisha nyaya zake na mahali hapo na chombo cha kupimia umeme kiitwacho galvanometa. Alama ya chombo ikacheza. Ilicheza kidogo mno, lakini ilicheza kwa mpango, si ovyo.

Umeme wa ubongo ni mdogo kiasi ambacho ni vigumu kukieleza. Ukiigawanya volti moja mafungu milioni moja, umeme unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni makumi tu ya mafungu hayo. Mapigo ya moyo, kukaza kwa misuli ya uso, hata kupepesa jicho hutoa umeme unaoweza kuufunika. Kwa sababu hiyo Berger hakujiamini. Kwa miaka mitano alirudia vipimo vyake bila kutangaza neno. Aliwapima wagonjwa, aliwapima watu wenye afya, akampima mara nyingi mwanawe Klaus. Kila mara alijiuliza kama anachokiona ni ubongo kweli, au ni ngozi, damu na misuli vinavyomdanganya.

Alipoondoa mashaka yote, mwaka 1929 alichapisha makala yake ya kwanza, na hadi mwaka 1938 alikuwa amechapisha mfululizo wa makala 14. Alieleza kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho, ubongo wake hutoa mawimbi makubwa yapatayo 10 kwa kila sekunde. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya kichwani, mawimbi hayo hupotea na kufuatwa na madogo yaendayo kasi zaidi. Mchoro huo aliupa jina la elektroensefalogramu, jina linalotumika hospitalini hadi leo.

Wakubwa wa elimu nchini mwake hawakumjali. Wengi waliona haiwezekani kazi za ubongo, zilizo nyingi na zenye kutatanisha, zionekane katika mstari mmoja unaopanda na kushuka. Ilichukua miaka mitano mingine hadi mwaka 1934, ambapo Edgar Adrian wa chuo kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, aliyekuwa amekwisha kupata tuzo ya Nobel, pamoja na mwenzake Matthews, walirudia majaribio hayo na kutangaza kwamba Mjerumani yule alisema kweli. Hapo ndipo dunia ilipogeuka kumsikiliza.

KIFAFA CHAONEKANA

Hadi siku hizo, kifafa kilijulikana kwa kuanguka kwake tu. Pwani yetu, bara yetu, na Ulaya vilevile, watu wengi walikihesabu kuwa kazi ya pepo au laana. Berger alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika mchoro wa umeme wa ubongo wenye kifafa. Mara baadaye, katika mwaka 1935, matabibu wa chuo kikuu cha Harvard nchini Marekani, akina Gibbs, Davis na Lennox, walionyesha kwamba mtoto mwenye kifafa cha kuduwaa, yule anayekodoa macho kwa sekunde chache kisha akaendelea na mchezo wake, hutoa mawimbi ya namna ya pekee, matatu kwa kila sekunde. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa roho ukawa na sura ya kuonekana kwa macho.

Askari wanaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Kikosi kinapofika kwenye daraja jepesi, kiongozi huamuru hatua zivunjwe, kila mtu atembee kwa mwendo wake. Wakipiga hatua pamoja, daraja hutikisika. Chembe za ubongo nazo, katika hali ya afya, hufanya kazi kila moja kwa zamu yake na kwa jukumu lake. Kifafa ni saa ambayo maelfu kwa maelfu ya chembe hizo hupiga hatua pamoja bila amri. Mtikisiko ukianzia mahali padogo, mkono mmoja hucheza au mtu huduwaa. Ukienea ubongo mzima, mtu huanguka na kupoteza fahamu.

VYOMBO VYA KUSISIMUA NEVA

Kwa kuwa kifafa ni umeme uliokosa mpango, haikushangaza kwamba watu wakafikiri kukitibu kwa umeme. Fikra yenyewe ni ya kale kuliko Berger. Wavuvi wanamjua samaki wa jamii ya taa ambaye ukimgusa hukutia ganzi mkono mzima. Tabibu wa Kirumi aitwaye Scribonius Largus, katika karne ya kwanza, aliandika juu ya kumweka samaki wa namna hiyo, akiwa hai, kichwani mwa mtu anayeumwa kichwa. Katika miaka ya 1880, daktari James Leonard Corning wa New York alitengeneza chombo cha kubana mishipa ya damu ya shingo pamoja na kupitisha umeme hapo, akitumaini kuzuia kifafa. Matokeo hayakuwa ya kutegemewa, na chombo chake kikasahauliwa.

Kilichokosekana kwa Corning ni macho ya kuona kinachotendeka ndani ya ubongo, na macho hayo ndiyo aliyoyaleta Berger. Mwaka 1938, Bailey na Bremer walisisimua kwa umeme neva ya vagasi katika shingo ya paka, wakaona kwenye mchoro kwamba mawimbi ya ubongo yamebadilika. Neva hiyo ni njia ndefu inayounganisha ubongo na moyo, mapafu na tumbo, na sehemu kubwa ya habari zake hupanda juu kwenda kwenye ubongo. Mwaka 1985 mtaalamu Jacob Zabara wa Marekani alionyesha kwamba kuisisimua neva hiyo kwa mbwa huweza kukatiza mtikisiko. Mwaka 1988 mgonjwa wa kwanza alitiwa chombo cha namna hiyo mwilini, huko Winston-Salem, North Carolina. Kiliruhusiwa Ulaya mwaka 1994, na Marekani mwaka 1997.

Chombo chenyewe ni kidogo kama saa ya mfukoni. Hufukiwa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, na waya wake hupandishwa hadi shingoni na kuzungushiwa neva. Aghalabu hutuma umeme kwa sekunde 30, kisha hupumzika dakika 5, usiku na mchana. Mgonjwa hupewa pia sumaku. Akihisi dalili kwamba kifafa kinakuja, yeye au ndugu yake huipitisha sumaku juu ya kifua, na chombo kikatuma umeme wa ziada. Kwa mfano wetu wa daraja, chombo hicho ni kiongozi anayewakumbusha askari, kila baada ya dakika chache, kuvunja hatua. Sauti ya mgonjwa huweza kukwaruza chombo kinapofanya kazi, na betri inapokwisha baada ya miaka kadhaa, hapana budi afanyiwe tena upasuaji mdogo.

Si dawa ya kuponya. Walio wengi huendelea kumeza vidonge vyao. Lakini kwa karibu nusu ya waliotiwa chombo hicho, kadiri miaka inavyopita, idadi ya kuanguka hupungua kwa nusu au zaidi. Baadaye vikaja vyombo vingine. Kimoja, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2013, huwekwa katika fuvu lenyewe. Nyaya zake husoma mawimbi ya ubongo kila wakati, na kikiona dalili ya mtikisiko hutuma umeme kuukatiza mgonjwa asijue. Hicho ni chumba kizima cha Berger cha mwaka 1924 kilichofanywa kidogo na kuingizwa kichwani mwa mgonjwa. Kingine, kinachosisimua sehemu ya ndani kabisa ya ubongo, kiliruhusiwa huko mwaka 2018.

Vyombo hivi ni kwa ajili ya kifafa sugu, yaani kile kisichotulia ingawa mgonjwa amejaribu sawasawa dawa mbili zinazomfaa. Wagonjwa wa namna hiyo ni kama theluthi moja ya wote. Bei ya chombo ni maelfu mengi ya dola, na kinahitaji wapasuaji waliosomea kazi hiyo. Kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado ni jambo la mbali.

DAWA KWANZA

Lakini msomaji asikate tamaa, wala asidhani kwamba kila anayeanguka mara kwa mara ana kifafa sugu. Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na karibu wanne wa kila watano miongoni mwao wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Wengi wao hawajapata kamwe dawa ya kudumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo.

Ushahidi upo karibu nasi. Katika milima ya Mahenge, Tanzania, ambako kifafa ni kingi kupita kiasi, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alikuta mnamo mwaka 1959 wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wakiogopwa kwamba mate yao huambukiza, na wengi wakiwa na makovu ya moto, kwa kuwa walianguka jikoni. Alianzisha kliniki, akawapa fenobabito, dawa ya bei ndogo, na wengi wakapata nafuu. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumshika mgonjwa. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba kifafa kingi cha Mahenge kina uhusiano na usubi, ugonjwa uletwao na nzi wa mitoni. Katika nchi ya Msumbiji, tegu wa nguruwe ni sababu nyingine. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakaingia katika maji au chakula, hata cha mtu asiyekula nguruwe kabisa, kisha vijidudu vyake vikaingia ubongoni. Choo safi na mikono iliyooshwa ni kinga ya kifafa, kijijini na kambini vilevile.

Fenobabito yenyewe ilitambuliwa kuwa tiba ya kifafa mwaka 1912 na Mjerumani mwingine wa rika la Berger, Daktari Alfred Hauptmann. Jina hilo lishikwe, kwani litatusaidia katika sehemu inayofuata.

UPANDE WA GIZA

Mwaka 1933 chama cha Hitler kilishika utawala wa Ujerumani. Tarehe 14 Julai ya mwaka huo ilitungwa sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu waliosemekana kuwa na maradhi ya kurithi. Katika orodha ya maradhi hayo, kifafa kilitajwa wazi. Ziliundwa mahakama maalumu, kila moja ikiwa na hakimu mmoja na madaktari wawili. Mgonjwa aliyehukumiwa akikataa, sheria iliagiza polisi waombwe wamlete kwa nguvu kwenye meza ya upasuaji. Watu wapatao 400,000 walihasiwa kabla utawala huo haujaanguka mwaka 1945. Mwaka 1939 ukaanza mpango wa siri wa kuwaua wagonjwa katika hospitali, na zaidi ya 70,000 waliuawa kwa hewa ya sumu kufikia Agosti 1941.

Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba Hans Berger aliuchukia utawala huo, na kwamba ulimfukuza kazini. Hati zilizochunguzwa baadaye zimeonyesha vingine. Hakuwa mwanachama wa chama, lakini alichangia fedha kwa kikosi cha SS, na alikaa kama mjumbe katika mahakama ya Jena iliyoamua mashauri ya watu wa kuhasiwa. Alistaafu kwa taratibu mwaka 1938. Mwaka 1941 alipoombwa arudi katika kazi hiyo ya mahakama, alikubali.

Mtu aliyeionyesha dunia kwamba kifafa ni umeme uliokosa mpango, si laana, alikaa mezani na wale waliowahukumu wenye kifafa kana kwamba wamelaaniwa. Elimu yake haikumzuia. Alikuwa na mashaka kwa miaka mitano juu ya mstari mdogo katika karatasi, akaupima na kuupima tena ili asimseme uongo hata mtu mmoja. Lakini juu ya sheria ya serikali hakuonyesha mashaka ya namna hiyo.

Naye Hauptmann, aliyewapa wagonjwa wa kifafa dawa, aliyeitumikia Ujerumani kama daktari katika Vita Kuu ya kwanza, alifukuzwa chuoni mwaka 1935 kwa sababu alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 alifungwa katika kambi ya Dachau, kisha akakimbilia Marekani, alikofariki mwaka 1948. Dawa yake ndiyo iliyofika Mahenge.

MWISHO WAKE

Baada ya kustaafu, Berger alishikwa na maradhi ya moyo na huzuni nzito. Tarehe 1 Juni, 1941, akiwa na umri wa miaka 68, alijitoa uhai katika hospitali ya Jena. Hakupata tuzo ya Nobel, na vita vilikuwa vimeutenga mji wake na nchi ambako kazi yake ilikuwa ikiendelezwa kwa bidii. Leo chombo chake kimo katika hospitali kubwa za kila bara, na mawimbi yale ya kwanza wakati mwingine huitwa kwa jina lake.

MAFUNZO KWA WALINZI WA RAIA

Ndugu askari na polisi, maisha haya yanatuachia mambo ya kutenda. Umkutapo mtu ameanguka na kutikisika, usimhesabu kuwa mlevi wala mhalifu, wala usimtie pingu. Ondoa mawe na vitu vikali vilivyo karibu naye, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na usimkandamize. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole kinywani. Mtikisiko ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Tazama saa. Ukipita muda wa dakika 5, au akianguka tena kabla ya kurudiwa na fahamu, mpeleke hospitali mara moja. Akizinduka huenda akapotewa kwa muda, asielewe amri, hata akakusukuma. Huko si kukaidi.

Mahabusu anayesema kuwa ana dawa za kifafa apewe dawa zake kwa saa yake, kwani kuzikatiza ghafla kwaweza kumwua. Kadhalika mtu aliyekimbia mapigano na kuacha kila kitu nyumbani aulizwe mapema kuhusu dawa, kabla ya kuulizwa mambo mengine. Askari aliyepata jeraha la kichwa, akaanza kuduwaa au kuanguka, aseme kwa tabibu wa kikosi. Asisimame na bunduki wala asiendeshe gari mpaka aruhusiwe. Nao wakubwa wake wasimwaibishe, kwa maana jeraha lake ni la kazi kama mguu uliovunjika.

Polisi wa Ujerumani waliowashika wagonjwa mikono na miguu na kuwapeleka kuhasiwa walikuwa na karatasi yenye muhuri, na nyuma ya muhuri huo palikuwa na majina ya madaktari wenye sifa. Hayo yote hayakulifanya tendo lile kuwa la haki. Mgonjwa aliye mikononi mwa askari hana mtetezi mwingine kwa saa ile ila askari mwenyewe.